Kompyuta Iliyokaa Katika Sanduku la Achieng

Nyinyi ambao kompyuta ikichelewa kuwaka mnakimbilia dukani kununua nyingine, sogeeni. Nataka kuwaambia tulivyokuwa tukiziongezea nguvu mashine kuukuu zamani zile, wakati Migori nzima ilikuwa na kompyuta za kuhesabika, na nyingi zilifunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya wageni. Nimestaafu sasa. Bisibisi zangu ziko kwenye kopo la majani chai, na anayetaka kuazima lazima kwanza asikilize.

Mimi ni mzaliwa wa Ndhiwa. Migori waliniita Nyar Ndhiwa, yaani binti wa Ndhiwa, hata wateja waliolijua jina langu vizuri. Nilianza kama mpiga chapa, nikaingia kwenye ufundi kwa sababu mashine niliyokuwa nikipigia chapa iliharibika na hakuna aliyekuja kuitengeneza. Siku za mwanzo, mteja akinikuta peke yangu kibandani na bisibisi mkononi, alisalimia vizuri, akaketi, akangoja fundi arudi. Wengine nilimaliza kazi yao wakiwa bado wanangoja.

Aliyenifundisha ni Mzee Barnaba, fundi wa redio pale Homa Bay. Kompyuta alikuwa hajaigusa maishani, lakini alisema umeme ni umeme. Somo lake la kwanza lilikuwa la pua. "Kabla hujafungua kitu, kinuse," aliniambia. "Waya iliyoungua inanuka mpira. Transfoma inanuka sukari ya kuungua. Kapasita ikifa, inanuka samaki." Ni kweli, hata leo jaribuni. Shida ni kwamba tulikuwa Homa Bay, na Homa Bay kila kitu kilinuka samaki: redio, kiti, mteja, hata mkate. Mzee Barnaba alipotaka kuwa na hakika alifunga duka, akaipakata redio ya mtu, akapanda nayo kilimani mpaka harufu ya ziwa iishe, ndipo akainusa. Watu walimwona akishuka na redio kifuani wakadhani amekwenda kuiombea.

Somo la pili nililipata bila mwalimu. Kompyuta za wakati ule zilipokea stima, yaani umeme, kwa plagi mbili zilizofanana kama mapacha. Zilikaa sambamba kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani ambao vitu vyote huungana hapo. Ukizibadilisha nafasi, ubao unakufa. Mimi nilizibadilisha. Moshi ukapanda, mwembamba, wa adabu kabisa, na mwenye mashine akauliza kama hiyo ndiyo programu. Tangu hapo kila nikishika plagi hizo nilisema kwa sauti, "Nyeusi kwa nyeusi, katikati," maana nyaya nyeusi za plagi zote mbili lazima zikutane katikati. Wateja walidhani nasali. Plagi zenu za leo hazikubali kuingia vibaya. Mmebahatika.

Sasa nije kwa Madam Dorcas.

Madam Dorcas alikuwa na chuo cha uhazili Migori mjini, chumba kimoja kirefu kilichopakana na kinu cha kusaga unga. Wanafunzi walikuwa darasa zima la wasichana, na kompyuta ilikuwa moja. Waliokosa zamu walijifunza kwa kibodi alizozichora mwenyewe kwenye vipande vya katoni, na aliwasahihisha kwa ukali uleule. "Pamela, umekosea herufi!" Pamela akachukua kifutio, akafuta katoni. Kinu kilipoanza kusaga, stima ilipungua na picha kwenye skrini ikajikunja ikawa ndogo kama bahasha, kwa hiyo Madam alifundisha kwa kufuata magunia. Gunia likiisha, aliwaambia, "Haraka, andikeni!"

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya aina ya 286, pana na bapa kama jiwe la kaburi, yenye skrini ya kijani. Ilijua kazi moja, kuandika barua, na hiyo iliifanya kwa kusitasita. Mwaka ule ikaja amri kwamba chuo kinachotaka kuwa kituo cha mtihani lazima kiwe na programu mpya, ile ya madirisha yanayofunguka kwenye skrini. Mkaguzi angekuja kutoka mkoani amwone mwanafunzi akiandika barua na kuichapisha mbele ya macho yake. Ikishindikana, wasichana wakafanyie mtihani Kisumu. Wengi wao hawakuwa na nauli ya Kisumu wala pa kulala huko. Wangerudi makwao, na kwa baadhi yao huko nyumbani wachumba walikuwa wameshaanza kutembelea.

"Nyar Ndhiwa," Madam akaniambia, "nataka kompyuta mpya."

"Una pesa za mpya?"

"Nina pesa za kuipangusa vumbi."

Hapa ndipo penye ufundi, kwa hiyo sikilizeni. Ukiwa huna pesa, usiulize mashine inahitaji nini, maana inahitaji kila kitu. Uliza ni kitu gani kinaizuia. Kibodi ilikuwa nzima, ibaki. Skrini ya kijani, macho ya wasichana yameshaizoea, ibaki. Printa ilipiga kelele kama cherehani lakini ilichapisha, ibaki. Pawasaplai, lile boksi zito la kugawa stima ndani ya kompyuta, ibaki pia. Kilichozuia programu mpya ni mazabodi, memori na diski. Nikaenda kutafuta hivyo tu.

Nilikwenda kwa Bwana Salim, mtu wa Mombasa aliyekuwa na duka la spea karibu na msikiti. Kila alipokwenda kwao alirudi na vitu vilivyotupwa na maofisi ya huko, na mimi nilikuwa nimeitengeneza redio kaseti yake mara nyingi kiasi kwamba tulikuwa kama ndugu. Akanifungulia leso, ndani mkiwa na mazabodi ya 386, aina iliyokuja baada ya 286, vijiti vya memori, na diski moja nzito yenye programu ya madirisha tayari ndani.

"Mwanangu, ubao huu umezoea joto, hautakusumbua," akasema. "Memori nazo ni njema. Ila diski hii ina tabia."

"Tabia gani, Bwana Salim?"

"Ikilala, haiamki mpaka uipige kofi."

Ugonjwa huo upo. Diski kuukuu ikisimama, kichwa chake hujigandisha kwenye sahani, na mota haina nguvu ya kukibandua. Dawa yake ni kuigonga ubavuni kwa mpini wa bisibisi, si kwa hasira, kama unavyobisha mlango wa mtu mgonjwa. Ikishazunguka, haina neno. Ila kila ukiizima hujui kama itaamka tena. Nikaichukua. Zile memori nilizisugua miguu yake ya shaba kwa kifutio cha penseli mpaka ikang'aa. Hiyo mjifunze, itawaokoa pesa nyingi kuliko shahada.

Nilirudi kwa Madam nikiwa na furaha, nikaifungua ile 286, nikautua ubao mpya ndani. Haukuingia. Kasha lile lilikuwa la umbo lake lenyewe, na kila tundu la skrubu lilikuwa mahali ambapo ubao hauna tundu. Nilijaribu kwa upole, nikajaribu kwa nguvu, nikampa Madam naye ajaribu. Kasha jipya lingebidi liagizwe Nairobi, na mkaguzi alikuwa anakuja wiki hiyohiyo.

Nikatoka nje kupunga hewa, na ng'ambo ya barabara nikamwona fundi wa jua kali akigonga masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Mnayajua, yale yenye komeo na rangi ya kung'aa. Alikuwa na moja lililokamilika, la buluu, zuri sana, limeandikwa kwenye mfuniko kwa rangi nyeupe: ACHIENG A. FORM 1.

"Hilo ni la nani?" nikamwuliza.

"Mzee mmoja wa Sori, kule ziwani, aliagiza kabla ya Krismasi, na hajarudi. Nafikiri mtoto hakupata shule. Chukua tu. Akija namgongea lingine."

Lilikuwa kubwa vya kutosha, tena lilikuwa na kufuli. Madam Dorcas alipoliona alipiga makofi. Fundi akanikatia tundu la duara nyuma kwa ajili ya feni, na upenyo ubavuni, wazi mpaka ukingo wa juu, kwa ajili ya nyaya. Mazabodi haiwezi kugusa bati, itapiga shoti, kwa hiyo nilikata vipande vya patipati, zile ndala za mpira, nikaviweka chini yake kama miguu. Patipati, si akala. Akala hukatwa kwenye tairi, na tairi ina nyuzi za chuma ndani, mtauchoma ubao. Pawasaplai nikaikalisha pembeni, diski nayo ikafungwa kwa ukanda wa mpira. Nyeusi kwa nyeusi, katikati. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikaigonga diski ubavuni, ikaguna, ikaanza kuzunguka, na madirisha yakafunguka kwenye skrini, ya kijani yote, lakini madirisha. Wasichana wakapiga vigelegele. Fundi wa masanduku akasafiri kwenda matangani, akamwachia duka kijana wake, na sisi tukamngoja mkaguzi.

Siku ya ukaguzi Madam alikuwa amempigia magoti mwenye kinu asisage mpaka mgeni aondoke. Mwenye kinu alikubali, lakini wanawake waliokuja na mahindi hawakuwa wameulizwa. Wakajipanga barazani na madebe yao, na kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine, wakaja dirishani kutazama ni kitu gani kinachowazuia kupata unga.

Mkaguzi alikuwa mrefu, wa suti ya kahawia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Akasalimia, akaizunguka kompyuta, akaenda tena upande wa pili. Mfuniko ulikuwa wazi nusu ili joto litoke, na maandishi yalionekana vizuri.

"Madam, hii ni kompyuta ya kampuni gani?"

Madam akaangalia mfuniko. "Achieng, bwana mkaguzi."

"Achieng," akasema, akaandika. "Sijaiona. Ni ya Japani?"

"Ya hukohuko."

"Na hii Form One ndiyo modeli?"

"Ndiyo. Form Two haijafika Migori."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akaandika na hilo. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani. Pamela akakaa kitini. Yeye ndiye alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote, na Madam alikuwa amewafundisha wasiinue macho kwenye karatasi hata nyumba ikiungua. Mkaguzi akampa barua ndefu ya serikali ainakili, akasema anza, naye akaanza.

Hapo hodi ikapigwa.

Akaingia mzee mpana wa mabega, viatu vimejaa vumbi la safari, mfuko wa zana umening'inia begani, ananukia lami ya mashua.

"Hapa ndiyo kwa Madam Dorcas?"

"Karibu, jaduong'," Madam akanong'ona. Jaduong' ni jinsi tunavyomwita mzee kwa heshima. "Lakini tuko kwa mtihani."

"Sitakaa. Nimekuja kuchukua boksi yangu."

"Boksi gani?"

Akanyoosha kidole. "Si hiyo imeandikwa Achieng."

Mkaguzi akainua kichwa. "Mzee, hiyo ni kompyuta."

"Hiyo ni boksi ya mtoto yangu. Nililipa yote. Fundi hayuko, lakini kijana yake ameniambia iko hapa, inasomea kompyuta."

Mkaguzi akamtazama Madam. Madam akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Madam," akasema mkaguzi taratibu, "Achieng ni kompyuta ama ni mtoto?"

"Ni zote mbili, bwana mkaguzi."

Mzee alikuwa amesogea mezani akichungulia ndani ya sanduku. Taa ndogo zinawaka, feni inavuma. "Hii ndiyo imemeza boksi yangu?" akauliza. Kisha akatueleza, bila kelele, jambo ambalo lingekuwa afadhali kama angelisema kwa kelele. Alikuwa seremala wa mashua huko Sori. Kazi ilikuwa imemchelewesha. Binti yake alikuwa ameitwa shule ya bweni, siku ya kuripoti ilikuwa ni hiyohiyo, na wakati ule alikuwa langoni, ameketi juu ya mfuko wa nguo. Matroni alikuwa amesema bila sanduku la kufunga haingii. "Wenzake wote wameingia. Amebaki yeye na askari wa gate."

Dirishani mwanamke mmoja akapaza sauti. "Mpeni mzee boksi yake!"

"Mtoto atakaa gate mpaka lini?" akadakia mwingine.

"Na sisi tusagiwe!"

Mkaguzi akainua mkono. "Jaribio limeshaanza. Mashine ikizimwa, jaribio limeanguka, na kituo kimeanguka. Hiyo ndiyo sheria, si mimi."

"Na ikizimwa," nikasema, maana ilibidi mtu aseme, "huenda isiwake tena."

Mzee akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hivyo mnataka mtoto yangu ndiyo aanguke?"

Kilichosikika ni vidole vya Pamela tu. Hakuwa ameinua macho hata kidogo. Nikamtazama yeye, nikamfikiria yule mwingine langoni na mfuko wake. Sikuweza kumchagua mmoja.

"Jaduong'," nikasema, "tutaitoa ikiwa hai."

Msifanye hivi. Nawaambia kabisa, mtu yeyote asifanye hivi. Nililala kifudifudi juu ya meza nikaanza kulegeza skrubu za mazabodi stima ikipita ndani yake, na kila skrubu niliyoitoa niliiweka mdomoni isije ikaangukia ubao. Nilipomaliza nikaushika ubao pande zote mbili kama sahani ya supu, nikauinua na nyaya zake zote. Diski nikamkabidhi Madam Dorcas.

"Uishike bapa. Usiiinamishe, usiitikise."

"Kwani inalala?"

"Isilale!"

Ikabaki pawasaplai. Nyaya zake zilikuwa fupi. Lazima mtu aishike palepale karibu nami. Wanafunzi hawakuruhusiwa kusogea, na mzee alihitajika kwenye sanduku. Nikamtazama mkaguzi.

"Mimi ni mkaguzi," akasema. "Siruhusiwi kugusa vifaa."

Lakini mzee alikuwa ameshaanza kulivuta sanduku, pawasaplai ikaanza kuteleza, na mkaguzi wa serikali akaidaka kwa mikono miwili. Akishaidaka, basi. Hakuweza kuiacha. Mzee akalivuta sanduku polepole kutoka chini yetu, kama mtu anayemvua shati mtoto aliyelala. Skrini haikupepesa. Pamela akafungua aya mpya.

Sanduku likawa huru. Mzee akalifunga komeo, akalitwika kichwani, akaelekea mlangoni. Pale mlangoni akageuka. Akatuona tulivyo, watu wazima watatu tumebanana kuzunguka meza, kila mmoja na kiungo cha kompyuta mikononi, mimi na skrubu mdomoni.

"Sasa mtasimama hivyo mpaka lini?"

"Mpaka amalize," nikasema kwa meno.

"Bado kurasa ngapi?"

Mkaguzi akachungulia karatasi ya Pamela. "Barua ni ndefu, mzee."

Mzee akatazama jua nje. Nilimwona akipiga hesabu ya barabara na ya lango la shule. Kisha akapumua, akatua sanduku chini, akavua koti. "Hii kitu inataka kitanda," akasema. Akauliza kuna mbao. Madam akamwonyesha kwa kidevu benchi iliyovunjika mguu, nyuma ya darasa.

"Usigonge msumari hapa ndani," nikamwomba. "Diski itashtuka."

Akatoka na benchi barazani. Wanawake wa mahindi wakamshikia mbao huku na huku, wakimpa maagizo ambayo hakuyaomba. Tulisikia msumeno, tukasikia randa. Ndani, mkaguzi alianza kutokwa na jasho, likamshuka kwenye pua, na mikono hana. Akamwambia Madam kwa sauti ndogo kwamba pua inamwasha. Madam alikuwa na diski. Pamela alikuwa mtahiniwa, na mtahiniwa haruhusiwi kumsaidia mkaguzi. Mwishowe mwanamke mmoja aliyebaki dirishani akaingiza mkono na pindo la leso, akampangusa uso wote, mpaka masikio, kama anavyompangusa mtoto wake kabla ya kanisa.

"Ahsante, mama," akasema mkaguzi.

"Simama vizuri," akajibu mama.

Mzee aliporudi alikuwa amebeba mashua. Sina neno lingine. Ilikuwa fupi, imara, mbavu zake zimepangwa sawasawa, sehemu bapa ya nyuma inatosha pawasaplai, na mbele ilichongoka na kuinuka juu.

"Mbona ina pua?" akauliza mkaguzi.

"Kila kitu nimewahi kujenga iko na pua."

Tukashusha kiungo kimoja kimoja ndani yake. Mbao haina shoti, kwa hiyo hata patipati sikuzihitaji. Mkaguzi aliweka pawasaplai yake mwisho, akaikunjua mikono iliyokufa ganzi, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu. Muda si mrefu Pamela akapiga nukta ya mwisho. Printa ikaguruma, karatasi ikatoka mstari kwa mstari, na mkaguzi akaisoma yote akiwa amesimama. Kisha Pamela akainua macho, akaona mashua mbele yake, akaona koti la mtu asiyemjua kwenye kiti, akaona watu dirishani. "Madam," akauliza, "kuna nini?"

"Hakuna kitu, mtoto wangu. Umeandika vizuri."

Mkaguzi akasema kituo kimepita. Palipoandikwa Achieng akapapitishia mstari, akafikiri kidogo, akaandika "Mbao." Barazani mtu akapiga mbio kwenda kwa mwenye kinu.

Mzee alikuwa amelitwika tena sanduku lake, na hapo ndipo alipoyaona matundu. Akatia mkono kwenye lile la duara, vidole vikatokea upande wa pili.

"Na hizi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba humo ndimo kompyuta ilikuwa ikipumulia, na kwamba fundi akirudi nitamlipa ayazibe. Akatikisa kichwa. Hakuwa na wakati wa kungoja fundi. "Nguo zitapata hewa," akasema, akaondoka akiwa nusu anakimbia. Mkaguzi, ambaye alikuja na gari la serikali, alimtazama kwa muda, akakusanya karatasi zake, akamfuata nje. Nilimsikia akimwita: "Mzee! Shule iko upande gani?"

Likizo ya Aprili ilipofika, msichana mwembamba aliyevaa sweta ya shule alisimama kwenye mlango wa kibanda changu.

"Wewe ndiye ulikata boksi yangu shimo?"

Nikamkaribisha, nikamwomba msamaha, nikamwuliza kama aliingia siku ile. Aliingia. Baba yake na mkaguzi walifika kwa gari la serikali, jambo ambalo peke yake lilimshtua askari wa lango. Matroni akalikagua sanduku, akauliza matundu ni ya nini. Na baba yake, kwa vile ni mtu asiyejua kudanganya, akajibu kwamba hapo ndipo kompyuta ilikuwa ikipumulia.

"Jioni shule nzima ikajua kuna Form One amekuja na boksi ya kompyuta," akasema Achieng. "Na shule iko na kompyuta moja, ya kupewa, hakuna mtu anajua kuiwasha. Headmistress akaniita ofisini. Akaniambia, Achieng, kuanzia leo wewe ndiye incharge."

"Ukamwambia nini?"

"Auntie, ni headmistress. Ningemwambia nini?"

Muhula mzima alikuwa na ufunguo wa chumba cha kompyuta shingoni. Kila Ijumaa aliingia, akaipangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, akatoka. Wasichana wa Form Four walimpisha njiani. Akiulizwa kwa nini haiwaki, alisema inapoa.

"Sasa headmistress amesema muhula wa pili kompyuta inaanza kuandika mitihani ya shule. Nifundishe kabla hawajajua."

Tukaenda kwa Madam Dorcas, nikamvutia kiti mbele ya ile mashua. Nikamwambia aandike jina lake, kidole kimoja kimoja, asiharakishe. Aliitafuta A kwa muda mrefu, na ilikuwa palepale pembeni. Alipoipata akatafuta C kando yake, hakuiona. Akaikuta chini. H akaikuta katikati, I juu mbali kabisa. Akaacha kuandika, akainamia kibodi, akaisoma mstari wote wa juu kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Auntie, ni nani alipanga hizi herufi? Alikuwa amekunywa?"

Nilikuwa nimezipiga herufi zile tangu nikiwa msichana, na hakuna siku niliyojiuliza. Nikavuta kiti cha pili, nikaketi kando yake, nikaanza kuitafuta E.